Marehemu Hawali Stendi

Naikumbuka siku moja, mwanangu, maskini wa Tanga walipogoma kula. Usicheke. Umesikia makuli wamegoma, walimu wamegoma, hapa Joburg hata madereva wa teksi wanagoma na mji mzima unatembea kwa miguu. Lakini maskini kukataa sahani ya wali wa nazi, hiyo umeisikia wapi? Mimi niliiona kwa macho yangu, na harusi iliyokuwa karibu kuvunjika kwa ajili yake ilikuwa yangu mwenyewe.

Kwa wasionijua, mimi ni Kaetano, fundi cherehani. Duka langu liko Fordsburg, ubavuni mwa duka la viungo, ukisikia harufu ya bizari umefika. Nimesoma mpaka darasa la nne. La tano nilimwachia anayelitaka. Suti nilizoshona kwa mikono hii zimesimama mbele ya mapadri, masheikh na wachungaji, na sijasikia hata moja iliyofumuka kabla ya neno "ndiyo". Kiswahili changu si cha kujifunzia huku. Nimezaliwa nacho Ngamiani, Tanga, mtoto wa Wagoa. Mkongo akiingia dukani huitazama rangi yangu, akaanza kunipapasia Kiingereza. Namwambia, "Ndugu yangu, sema tu, mimi wa Tanga." Anaangua kicheko, na bei inaanza upya.

Wagoa ni nani? Ni watu wa pwani moja ya India waliotawaliwa na Wareno mpaka vitukuu wakasahau nani alianza. Mreno akaleta msalaba, fidla, siki na majina yake. Nazi, pilipili na wali havikuhama jikoni. Ndiyo maana naitwa Kaetano na nakula kwa mkono.

Goa yenyewe sijaikanyaga, nasema wazi. Lakini babu zetu walipopanda meli kuja Afrika walizileta sikukuu zao kama mtu anavyobeba godoro: limekunjwa, limefungwa kamba, likifika linafunguliwa popote penye nafasi. Mwezi wa sita ni Mtakatifu Yohane. Huko Goa, nilivyosimuliwa, mvua zimeanza na visima vimejaa, vijana wanavaa mataji ya maua na matunda, wanakwenda nyumba kwa nyumba kwa ngoma, hasa nyumba yenye mkwe mpya, na kila penye kisima wanaruka. Sasa Tanga kisima cha mtaani kwetu kilikuwa cha jirani mmoja Mdigo, na maji yake ni ya kunywa. Akatuambia, "Rukeni. Nitawaopoa mmoja mmoja na nitawauza sokoni kwa jina la papa." Tukaenda kuruka baharini, Raskazone, tumevaa mataji ya majani ya mpera, na yeye mwenyewe akaja kutucheka.

Krismasi sahani zilipita mtaani zimefunikwa vitambaa vya kudarizi. Dodoli, halua yetu nyeusi ya nazi inayong'ata meno. Bebinka, keki ya matabaka, kila tabaka linasubiri makaa ya juu liive ndipo lingine limiminwe, na mpishi mwenye haraka huishia kuwa na uji. Waislamu wa mtaa walipokea, na Iddi sahani ile ile ikarudi na vileja. Sahani hairudi tupu, hiyo ilikuwa sheria bila bunge. Na mwezi wa tano jioni, litania mbele ya msalaba wa uani, fidla inalia, wazee wanaimba Kilatini ambacho hakuna aliyekielewa. Baadaye zinagawiwa dengu za kuchemsha na vipande vya nazi. Kilatini sikujua, lakini dengu nilizielewa vizuri sana.

Nimepotea njia kidogo. Mzee akianza kukumbuka ni kama uzi uliochomoka, ukivuta mmoja linakuja shati zima.

Nayaandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu Nomsa, anayeolewa mwezi huu. Mama yake ni binti yangu. Baba yake ni mwana wa Afrika Kusini aliyekimbilia kwetu enzi za mapambano, akaishi Morogoro, akaoa Tanga, na nchi yake ilipofunguka akarudi na mke. Mimi nilifuata nilipompoteza mke wangu Lusia. Nilimzika Tanga, nikafunga cherehani yangu katika gunia, nikaja. Nomsa amezaliwa huku. Kiswahili anakielewa chote, ila akikisema anakanyaga kwa uangalifu kama mtu mwenye mwiba mguuni.

Majuzi alikuja dukani na mchumba wake Themba, namshonea suti. Nilikuwa napima mabega, pini mdomoni, Nomsa akasema:

"Babu, ile karamu ya maskini, tumeongea mimi na Themba. Tutatuma mchango kwa simu, kwa wale wanaolisha watu pale mjini. Dakika moja, sharp. Kwetu Randburg mlinzi wa geti hawezi kufungulia watu wa barabarani."

"Na zulia letu ni jipya, Mkhulu," Themba akaongeza; Mkhulu kwao ni babu. Kijana mwema, lakini hakuna aliyemuuliza.

Namshukuru Mungu kwa zile pini. Bila hizo ningesema neno la kuharibu harusi.

Hapa sharti nikueleze, mwanangu, karamu hiyo ni nini, maana wengi mnadhani ni sadaka. Kwetu, kabla ya harusi, kila nyumba, ya bwana na ya bibi, hupika kwa ajili ya maskini. Wali, mchuzi wa kamba wakavu, vade, yaani bajia za dengu, na voni, ambayo ni dengu zilizopikwa kwa tui na sukari guru mpaka zikalainika. Maskini hawaji kuomba. Wanaalikwa. Wanaingia mlango wa mbele, wanaketi mezani, na wenye nyumba wanasimama kuwahudumia. Kwa nini? Kwa sababu kila mgeni siku hiyo amekuja kwa niaba ya marehemu mmoja wa nyumba ile. Mwenye nyumba humvutia kiti na kumwambia, leo umekaa kiti cha baba yangu fulani, au shangazi yangu fulani, na jina hulitaja kwa sauti. Maskini akishiba, marehemu ameshiba. Ndipo bibi harusi anatoka, maana amewaaga wakubwa zake. Asipowaaga, ametoroka.

Nilipozitoa zile pini nikamwambia Nomsa, "Kama geti la Randburg halifunguki, langu halina mlinzi. Meza yangu ya kukatia nguo inakaa watu wengi. Wewe kaalike wageni wako."

Akakubali, shingo upande. Kesho yake jioni akarudi amenuna.

"Eish, Babu! Nimemwambia Baba Mahlangu, yule anayevuta toroli la maboksi, pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani. Nimeshusha kioo nikamwambia, Baba, Jumamosi kuna chakula, njoo ule. Unajua kafanya nini? Kasema yuko kazini, akavuta toroli lake. Mtu anakataa chakula cha bure?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akakasirika. "Unacheka nini?"

"Namcheka babu wa mama yako," nikamwambia. "Vuta kiti."

Nikamsimulia haya.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, fundi kama baba yangu, nina cherehani moja na kiburi cha kutosha cherehani kumi. Nilimpenda Lusia, binti wa Inasio, karani wa forodha. Elewa ukubwa wa jambo hili. Wagoa wa Tanga hatukuwa kitu kimoja kama mnavyodhani. Makarani walikuwa na kilabu yao yenye sakafu ya kudansia. Sisi mafundi na wapishi tulikuwa na chumba chenye benchi mbili. Karani kumtoa binti yake kwa fundi, watu walishika vinywa. Lusia alisema ama Kaetano ama utawa. Baba yake akahesabu, akaona mtawa hazai wajukuu.

Inasio alikuwa mtu wa kofia na fimbo. Ukikaa naye kidogo tu atakusimulia nyumba ya babu yake huko Goa, yenye baraza pana na madirisha ya magamba ya chaza, jua likipita linakuwa kama maziwa. Madirisha hayo niliyasikia mpaka ningeweza kuyaosha.

Wiki ya harusi akaja kwetu Ngamiani kupanga mambo. Bibi yangu, mama wa baba, tukimwita Vovo, alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alikuwa mwembamba kama ufito, na hakuwa na tabia ya kumwinukia mtu kwa sababu ya kofia.

"Habari za maandalizi, Inasio?"

"Nzuri, bibi. Kwetu karamu ya maskini nimeipanga kisasa. Chakula kitapikwa, kitatiwa kwenye masufuria, tarishi wangu atakipeleka stendi ya mabasi. Wenye njaa wako kule kule. Nyumbani tutakuwa na wageni wa kilabu, siwezi kuwachanganya."

Vovo hakuinua kichwa. Mkono wake uliendelea na nazi.

"Inasio. Marehemu hawali stendi."

"Bibi..."

"Njia ya stendi hawaijui. Wanaijua njia ya nyumbani."

Inasio akatabasamu lile tabasamu la ofisini. "Bibi, hapa ni mjini, si kijijini Goa. Mambo yamebadilika."

Ndipo Vovo akaacha kukuna. Akamtazama kwa macho yale makavu. "Kumbe mtu akikaa mjini, mama yake anakuwa hajamzaa?"

Uso wa Inasio ukabadilika rangi. Sikujua kwa nini. Neno lilikuwa la kawaida tu, wazee wetu walisema makali zaidi ya hayo wakiomba chumvi. Lakini alivaa kofia, akaaga, na fimbo yake ilisahaulika mlangoni mpaka nikamkimbilia nayo.

Hata hivyo maneno yalimwingia kidogo, maana aliacha habari ya stendi. Akamtuma tarishi awaite maskini nyumbani. Ila tarishi alikuwa tarishi, alisema alivyoagizwa: "Njooni kwa bwana karani mchana. Piteni mlango wa nyuma. Na mje na bakuli zenu."

Mkubwa wa maskini wa Tanga siku hizo, kama wana mkubwa, alikuwa Bi Tatu. Mguu wake mmoja ulikuwa umepinda, mdomo wake ulikuwa umenyooka. Ijumaa alikaa nje ya msikiti, Jumapili nje ya kanisa, na alikuwa akisema kwamba yeye ndiye mtu pekee mjini anayewaombea wote bila ubaguzi. Tarishi alipomaliza, Bi Tatu akamjibu: "Mwambie bwana wako ahsante. Siku hiyo hatuna njaa."

Na siku ikafika. Nyumbani kwetu Ngamiani wageni walikuja, waliketi, walikula, Vovo aliwataja marehemu wetu mmoja mmoja mpaka sauti ikamkauka. Kwa Inasio, masufuria yalikaa uani. Mchana ukapita. Alasiri ikaingia. Hakuja hata mmoja. Vade zikanywea, wali ukapoa ukashikana, na kwenye kuta majirani wakaanza kuchungulia. Kufika jioni mji ulikuwa unasema: maskini wamegoma! Karani kapika, maskini wamegoma! Sokoni mwanamke mmoja alimkatalia mumewe pesa ya tumbaku akamwambia, "Hata maskini siku hizi wanachagua."

Mimi nilicheka pamoja na wengine, mpaka usiku ule ule ndugu yake Lusia alipokuja na ujumbe. Mama Lusia amekaa mlangoni mwa chumba cha binti yake. Amesema Lusia hatoki. Wafu wa nyumba hawajala, hawajaagwa, na yeye hatampeleka mtoto kanisani kama mwizi. Padri asubiri, kilabu isubiri, na Kaetano asubiri.

Kicheko changu kiliishia hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Siku ile mwenyeji alikuwa mgonjwa hasa, na mgeni amekataa kuja.

Asubuhi na mapema nasikia hodi. Inasio. Hana fimbo. Akaniuliza bila kunitazama, "Unajua anakokaa yule mwanamke wa mguu?"

"Bi Tatu? Barabara ya ishirini, nyuma ya mshona viatu."

"Nipeleke."

Tulikwenda kwa miguu. Watu walitusalimia kwa heshima iliyozidi kidogo, unajua ile heshima yenye kicheko ndani yake. Bi Tatu alikuwa kizingitini anachambua mchele wa watu, kazi aliyofanya siku asizoketi nje ya nyumba za ibada. Inasio akasimama mbele yake, kofia kichwani.

"Nimekuja kuhusu chakula," akasema. "Leo kitapikwa tena. Mnaweza kuja."

"Tunaweza?" Bi Tatu akapepeta ungo. "Bwana karani, mimi ninaomba tangu mguu huu ulipopinda. Kazi hiyo naijua. Mwombaji hasemi 'mnaweza'. Mwombaji anavua kofia."

"Mimi si mwombaji."

"Leo ni wewe. Mimi nikikosa wali wako, nina mchele wa watu hapa. Wewe ukinikosa mimi, una binti chumbani."

Nilitazama chini, nikahesabu vidole vyangu vya miguu. Nikasikia kitambaa kikikwaruza nywele, na nilipoinua macho kofia ilikuwa mkononi.

"Nakuomba," Inasio akasema. "Uje kwangu. Mlango wa mbele."

"Sasa tunazungumza. Nitakaa kiti cha nani?"

"Cha babu yangu," akajibu haraka. "Mwenye ile nyumba ya madirisha ya chaza."

Bi Tatu akatikisa kichwa. "Mimi sikai kiti cha dirisha. Nataka mtu. Ulipokuwa na njaa, nani alikulisha?"

Mwanangu, nimeshona suti za mazishi nyingi, nimeona wanaume wakilia kwenye vipimo. Lakini sijaona uso ukifumuka kama uso wa Inasio pale kizingitini. Kisha akasema:

"Mama yangu. Filomena. Alikuwa akiuza samaki. Kikapu kichwani, nyumba kwa nyumba, miguu peku. Nyumba ya madirisha ya chaza tulikuwa tunaipelekea samaki. Kwa mlango wa nyuma."

Tangu aje Afrika hakuwahi kumtaja. Hata Mama Lusia hakujua. Nikaelewa kwa nini Vovo alimchoma na neno moja tu: alitoka vijiji vile vile, alimjua mama yule. Na nikaelewa kwa nini Inasio alitaka chakula kiende stendi. Stendi hakuna anayekuuliza jina la mama yako.

Bi Tatu akaweka ungo chini. Hakumcheka. Sura yake ililainika, akanyoosha mkono ainuliwe, na aliyemwinua ni Inasio.

"Kiti cha mama muuza samaki," akasema, "hicho nakiweza."

Njiani kurudi, Inasio aliniambia, "Kaetano, yale uliyoyasikia..."

"Nimesikia, baba."

Akatembea hatua kadhaa. "Basi usiyafiche."

Siku ile maskini walikuja wote, wamejifunga nguo zao safi. Inasio alimvutia Bi Tatu kiti cha kichwani mwa meza, akamnawisha mikono, akampakulia mwenyewe. Makarani wa kilabu walipofika na zawadi zao, wakasimama mlangoni hawajui waangalie wapi. Akawaambia, sauti inatetemeka lakini kubwa: "Karibuni. Huyu leo ni mama yangu Filomena, muuza samaki. Subirini ale, kisha nitawahudumia." Bi Tatu akaomba pilipili zaidi. Na ndani, Mama Lusia akainuka mlangoni. Jumamosi nilioa.

Nilipofika hapo, Nomsa alikuwa ameacha kutazama simu. Akauliza kitu kimoja tu: "Alivua kofia kweli?"

"Kweli. Na wewe una kioo cha gari."

Alichukua funguo akaondoka, nikadhani nimemuudhi.

Alirudi siku ya pili, mikono ya blauzi ina vumbi la maboksi. Aliacha gari pembeni, akamfuata Baba Mahlangu kwa miguu, akatembea naye ubavuni mwa toroli mpaka kule wanakopima karatasi na kuzinunua. Njiani akamweleza kila kitu, kwa Kizulu chake kizuri. Yule mzee alielewa upesi kuliko Themba. Kwani watu wa huku hawana wafu wao? Akamuuliza Nomsa, "Nitakaa kiti cha nani?" Nomsa akamwambia, "Cha bibi yangu Lusia."

"Halafu, Babu, akaniuliza huyo bibi yako alipenda kula nini. Kasema hawezi kukaa kiti cha mtu akala chakula ambacho mwenyewe hakukipenda." Macho yalikuwa mekundu. "Sikujua. Nimesimama pale barabarani sijui. Babu, Bibi alipenda nini?"

Mwanangu, mtoto huyu ana umri wa kuolewa. Nimemlea magotini, nimemshonea sare za shule, nimemwonyesha picha ya Lusia ukutani kila Novemba, mwezi wetu wa kuwaombea marehemu. Hakuwahi kuniuliza hata mara moja. Na mimi, na majivuno yangu yote, sikuwahi kumwambia.

Nikatoa pini mdomoni. Nikamwambia alipenda voni, lakini si voni ya juu. Alipenda ukoko, ule ulioshika sufuria, aliukwangua kwa kijiko cha mbao na hakumgawia mtu, hata mimi. Nikamwambia alivyoimba vibaya na hakujali. Nikamwambia alivyocheka akiwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga. Duka lilifungwa mapema siku hiyo.

Basi Jumamosi hii meza ya kukatia nguo itafunikwa shuka nyeupe. Atakuja Baba Mahlangu na wenzake, atakuja mama anayeuza mahindi ya kuchoma pembeni ya stendi ya teksi, na Themba atanawisha mikono ya wageni, nimeshamwonyesha namna ya kushika birika. Voni itaachwa ishike kidogo, makusudi.

Sasa sikiliza, nisije nikafa nimekusimulia hadithi tu.

Mchango tuma, sijakukataza. Watu wanashiba nao na Mungu anauona. Ila usiuite karamu. Kutoa ni moyo, si utajiri, wanasema, nami naongeza kwamba kuketi na mtu kunataka moyo zaidi, maana ukiketi naye atakuuliza wewe ni mtoto wa nani, na itabidi ujue. Ukimwalika mtu usimwalike kwa dirisha la gari. Shuka. Akikataa, usiseme hana shukrani, angalia kwanza ulisimama wapi ulipomwita. Na mila za kwenu, ziwe za Goa, za Kigoma, za Bukavu au za KwaZulu, usizifupishe kabla hujajua ndani zimeficha nini. Yetu ilificha swali moja tu: nani alikulisha? Mwenye kulijibu kwa sauti hana haja ya madirisha ya chaza. Na waulizeni wazee wenu, wangali hai, marehemu wenu walipenda kula nini. Sisi wazee hatutawaambia wenyewe. Tuna kiburi, na midomo yetu imejaa pini.

Mungu akupe nyumba isiyo na mlango wa nyuma. Akupe meza ndefu kuliko unavyohitaji, na mgeni wa kukubali mwaliko wako. Akupe mwenza atakayekuachia ukoko. Na siku nawe utakapokuwa jina tu midomoni mwa watu, apatikane mtoto wa kuvuta kiti, amkalishe mtu mwenye njaa, na alitaje jina lako bila kuinamisha kichwa. Amina.